Bei ya Mguu wa Kuku

Bastola kuukuu ya polisi, wakusanyaji husema, ni ile iliyobebwa sana na kufyatuliwa kidogo. Hiyo ndiyo sifa yake kuu sokoni, na ukiitazama kwa makini utaelewa wanamaanisha nini. Askari wa mjini anaamka, anafunga mshipi, anaingiza bastola kwenye ala ya ngozi, anatembea nayo zamu nzima, anairudisha. Kesho tena, na keshokutwa. Ngozi inakilamba chuma polepole. Rangi inaisha kwenye ncha ya mtutu, inaisha kwenye kona, inaisha kwenye ule ukingo wa mbele wa mpini ambapo vidole hukaa. Nje bastola imechoka kama kiatu cha fundi wa miguu. Ndani mtutu unang'aa. Mkusanyaji akiona mambo hayo mawili pamoja anatabasamu, maana yanasema ukweli mmoja: hii kitu ilikuwa kazini, na haikuharibiwa.

Nimeyajua haya kwa sababu nililipwa niyajue. Mwaka jana nilipata kazi ya mtandaoni kwa mtu wa Pennsylvania mwenye biashara ndogo ya mnada. Alitaka maelezo ya vitu anavyouza: saa za mfukoni, visu, medali, bastola za zamani. Dola 6 kwa kila maelezo ya maneno 200. Sisi tulioacha chuo katikati na tukabaki na kompyuta tunaijua hesabu hiyo vizuri. Maelezo mawili ni tokeni za stima na chakula cha siku tatu ukijua kubana. Nimeshawahi kuandika insha za uuguzi za watu nisiowajua na sifa za godoro la mbwa, kwa hivyo bastola haikunitisha. Nilidhani ni godoro lingine tu.

Na tuelewane, sijawahi kushika bastola. Nimeziona kwa umbali ambao kila mtu wa Eastlands ameziona: kiunoni mwa karao aliyevaa jaketi mchana wa jua kali. Mtaani tunaiita mguu wa kuku. Sijui kama kuna jina bora zaidi la kitu hicho katika lugha yoyote. Ukikiangalia kwa ubavu, ndicho.

Mteja alinitumia picha 42 za bastola moja. Ilikuwa Walther PP. Herufi hizo mbili ni kifupi cha Polizeipistole, bastola ya polisi kwa Kijerumani, na kiwanda cha Carl Walther katika mji wa Zella-Mehlis, Thuringia, kilianza kuiuza mwaka wa 1929. Mdogo wake ni PPK, ile fupi ya James Bond. Watu wengi wanaifahamu PPK kwa sababu ya sinema na hawaijui PP, ilhali PP ndiye kaka mkubwa. Inapiga risasi ndogo za milimita 7.65, nane kwenye magazini. Ujanja wake ni kwamba askari angeweza kuibeba ikiwa na risasi tayari ndani, nyundo ikiwa imelala, na akivuta triga mara ya kwanza, mvuto mrefu na mzito, nyundo inajiinua yenyewe na kupiga. Nyuma kuna kipini kidogo kinachochomoza kukuonyesha kuna risasi ndani. Hata gizani unakigusa kwa kidole gumba na kujua.

Jina peke yake halithibitishi kitu, na hapo ndipo wauzaji wengi hudanganya bila hata kusema uongo. Raia walinunua Walther PP dukani. Jeshi lilizichukua. Chama cha Nazi kiliwapa watu wake. Kwa hivyo mtu akikuambia "bastola ya polisi" kwa sababu imeandikwa PP, ni sawa na kusema Probox yoyote ni ya miraa. Inawezekana. Lakini tuonyeshe majani.

Majani ni alama zilizochapwa kwenye chuma, na nilikaa nazo wiki nzima. Nilianza na nambari. Walther walihesabu bastola zao mpaka wakakaribia milioni moja, kisha mwishoni mwa miaka ya 1930 wakaanza hesabu upya, safari hii wakiongeza herufi P mwishoni kwa PP na K kwa PPK. Nambari ya bastola yangu (nimeshaanza kuiita yangu) iliishia na P. Halafu kuna alama ya majaribio, ile inayochapwa baada ya bastola kufyatuliwa kiwandani kwa risasi zenye nguvu kupita kawaida kuona kama itapasuka. Kwa miaka mingi Ujerumani alama hiyo ilikuwa taji juu ya herufi N. Kuanzia Aprili 1940 ikawa tai juu ya N. Yangu ilikuwa na tai. Basi ilitengenezwa mwaka wa 1940 au baadaye. Na chuma chake kilikuwa kimesuguliwa laini, hakina ile mikwaruzo ya mashine inayoonekana kwenye bastola za mwisho wa vita, wakati kiwanda kilikuwa na haraka na hakuna aliyejali urembo. Hivyo tukisema ni ya miaka ya mwanzo ya vita, hatujakosea sana. Yote hayo nimeyapata nikiwa chumba cha juu Kayole, natumia bando la saa moja.

Jambo lililonishangaza zaidi ni rangi. Hapa kwetu ukitaka kuuza kitu kikuukuu, unakipaka rangi. Gari linapelekwa kwa fundi wa jua kali, linapigwa bati, linanyunyiziwa rangi, viti vinavalishwa mifuko mipya, mnunuzi anakuja Jumamosi na hajui kilichokuwa chini. Kwenye soko hili rangi mpya ni msiba. Chuma cha bastola hupewa rangi ya buluu nyeusi kwa kemikali kiwandani, na thamani hupimwa kwa kiasi cha rangi hiyo ya kwanza kilichobaki: asilimia 95, asilimia 80, asilimia 60. Bastola yenye asilimia 60 ya rangi yake mwenyewe, na mikwaruzo yake yote, inaweza kuishinda kwa mbali nyingine inayometameta iliyopakwa upya juzi. Fundi wa kupaka upya lazima aanze kwa kusugua, na akisugua anakula kona, anafanya maandishi yawe mafupi kwa kina, anapanua midomo ya matundu kidogo kama sahani. Ukishajua hayo huwezi kuacha kuyaona. Nilikuwa nikipanua picha mpaka herufi moja ya "Walther" inajaza kioo, naangalia kingo zake kama ni kali au zimelainika.

Zilikuwa kali. Rangi ilikuwa imeisha pale tu ala huisha rangi. Nilifurahi kipumbavu, kama mtu aliyeambiwa mtoto wake amepita mtihani.

Mengine nitayapitia haraka. Mabamba ya mpini yalikuwa yale ya plastiki nyeusi ya kiwandani, bila ufa, na hupasuka sana hayo. Polisi walipewa magazini mbili kwa kila bastola. Hapa ilikuwepo moja. Ala haikuwepo. Hakukuwa na jina la mwagizaji lililochapwa pembeni, lile ambalo sheria za Marekani humlazimu mwagizaji kuliweka, na hiyo inaashiria kwamba bastola iliingia Marekani kabla ya hizo sheria, pengine kwenye mkoba wa mwanajeshi aliyekuwa anarudi kwao. Wamarekani waliingia Thuringia Aprili 1945 na wakakaa mpaka Julai walipowaachia Wasovieti, na bastola nyingi ziliondoka nao. Wengine walipewa karatasi rasmi ya kuruhusiwa kubeba silaha waliyoteka. Karatasi hiyo ikiwepo, na nambari iliyoandikwa juu yake ikilingana na ya kwenye chuma, bei inapanda hapo hapo. Yangu haikuwa na karatasi. Ilikuwa na hadithi, mteja alinitumia kwa barua pepe: babu ya muuzaji aliipokonya kwa afisa mkubwa. Kila babu aliipokonya kwa afisa mkubwa. Wakusanyaji wana msemo kwamba unanunua bastola, hununui hadithi, na mimi ninayekula kwa kuuza hadithi nilijikuta nimeukubali.

Sasa tai.

Upande wa kushoto wa fremu, nyuma ya triga, kulikuwa na alama ndogo kuliko punje ya mchele: tai amesimama juu ya swastika, pembeni yake herufi C. Hiyo ndiyo chapa ya polisi wa utawala wa Nazi walipoipokea bastola. Kuna nyingine yenye F. Bila alama hiyo, bastola ni Walther PP ya kawaida ya enzi ya vita. Ikiwa nayo, inahamia daraja lingine la bei, na kwa sababu hiyo kuna watu wanaochapa tai bandia kwenye bastola za raia. Ukitaka kumkamata mwongo unatazama kama alama inaonekana mpya kuliko chuma kinachoizunguka, kama manyoya ya tai yanafanana na yale ya bastola zinazojulikana, kama mikwaruzo ya ala imepita juu ya alama au alama imekatiza mikwaruzo. Hii ilikuwa halisi. Nilimwandikia mteja, naye alijibu kwa alama tatu za mshangao.

Nilikaa na zile alama tatu za mshangao. Sina shida na mtu kukusanya vitu vya zamani. Lakini swastika ndogo imeongeza bei, na kazi yangu ni kuandika sentensi itakayomfanya mnunuzi aipende. Kwa hivyo niliamua kusoma hao polisi walikuwa nani, na nikaangukia kitabu cha mwanahistoria Christopher Browning kilichotoka mwaka wa 1992, kinachohusu Kikosi cha Akiba cha Polisi nambari 101 kutoka Hamburg. Karibu wanaume 500. Wengi wao watu wazima wa kawaida, wafanyakazi wa bandarini, madereva, makarani, walioonekana wamezeeka mno kwa jeshi. Asubuhi moja ya Julai 1942 walipelekwa kwenye mji mdogo wa Józefów huko Poland. Kamanda wao, Meja Wilhelm Trapp, aliwaeleza kazi yenyewe, na akasema walio wazee zaidi kati yao wasiojiweza wajitoe. Walijitoa kama dazeni moja. Kufika usiku Wayahudi takriban 1,500 walikuwa wameuawa, wanawake na watoto na wazee, wengi wao msituni. Wanaposema "polisi" kwenye lile soko, hao pia wamo.

Walitumia bunduki ndefu zaidi kuliko bastola, na hakuna popote panaposema bastola hii ilifika Poland. Huenda ilikaa kiunoni mwa askari wa trafiki miaka mitano ikilambwa na ngozi. Hilo ndilo nililotaka kuamini, na nilikuwa na ushahidi wangu: mtutu. Picha ya 17 ilipigwa kutoka ndani, tochi imewekwa nyuma, mifuo inazunguka vizuri kama ngazi za mnara, haina kutu wala shimo. Imebebwa sana, imefyatuliwa kidogo. Nilishika sentensi hiyo kama mtu anayeshika chuma cha matatu.

Nilimwonyesha Sajini picha hiyo.

Sajini ndiye msimamizi wa ploti yetu. Hakuna anayemwita kwa jina lake, na cheo chake cha mwisho kilikuwa tofauti, lakini ndivyo tulivyomkuta akiitwa. Alistaafu kwenye polisi zamani, kabla sijazaliwa. Anakusanya kodi, anafungia maji wasiolipa, jioni anakaa kwenye kiti cha plastiki karibu na geti na redio ndogo. Nilimpa simu, nikampanulia picha, nikamweleza kuhusu wakusanyaji na mtutu safi.

Aliisogeza simu mbali na uso, akaisogeza karibu. "Hii ni gani?"

"Ya Wajerumani, Mzee. Ya polisi wao, wakati wa Hitler."

"Na unasema haikupigwa."

"Ndivyo wanavyosema. Ndani iko safi."

Alicheka, kicheko cha mtu aliyeulizwa kitu rahisi. "Kijana, mtutu safi unakuambia kitu kimoja tu. Ya kwamba mwenyewe alikuwa na kitambaa."

Akanieleza. Risasi nyingi za zamani ziliacha chumvi ndani ya mtutu, na chumvi ikivuta maji inaleta kutu, kwa hivyo silaha isiyosafishwa huharibika hata kama imefyatuliwa mara mbili tu. Iliyosafishwa kila siku inaweza kupiga maelfu ya risasi na bado iangaze. Askari wao walikaguliwa. Afisa aliingiza ukucha wake kwa nyuma ya mtutu upate mwanga, akachungulia kwa mbele, na akiona doa unajua wikendi yako imeenda. "Tulisafisha kama hatujapiga. Tukipiga, tulisafisha zaidi," alisema. Halafu akanirudishia simu na kuongeza sauti ya redio.

Nilienda kuangalia tena yale maandishi ya wakusanyaji na ni kweli, wenyewe hawasemi zaidi ya hapo. Mtutu ni kipimo cha hali ya chuma. Mimi ndiye niliyeufanya uwe shahidi wa tabia. Chuma kinaweza kukuambia mwaka, kiwanda, nani alikipokea, kilivaliwa upande gani wa mwili, kama kuna mtu alijaribu kukipamba. Swali la kwanza ambalo mtu wa kwetu angeuliza kuhusu mguu wa kuku wa karao halimo kwenye orodha.

Mtu wa kwetu analo swali hilo kwa sababu. Mwaka wa 2016 nikiwa kidato cha tatu, kijana wa ploti ya nyuma yetu alipigwa risasi usiku karibu na steji. Alikuwa fundi wa simu. Kioo cha simu ya mama yangu ndiye aliyekibadilisha, na alitubakishia deni la shilingi 200 ambalo hakuwahi kudai. Asubuhi redio ilisema mshukiwa sugu ameuawa, wenzake wawili wametoroka, bastola moja na risasi tatu zimepatikana. Ukikua Nairobi sentensi hiyo unaijua kwa moyo kama wimbo wa taifa. Wakati mwingine ni Ceska, wakati mwingine ni bastola ya kienyeji, risasi ni tatu au nne. Mtaa uligawanyika. Wapo waliosema siku hizi alikuwa na marafiki wabaya, wapo waliosema yule kijana hata panya alikuwa anaogopa.

Mama yake hakubishana na mtu. Alienda kituoni, sitakitaja, na swali moja. Hiyo bastola mliyopata ni ya nambari gani? Hakuwa amesoma sheria. Alikuwa mama mboga, na aliwahi kununua baiskeli ya wizi bila kujua, akaambiwa na polisi wenyewe kwamba kila kitu kina nambari na nambari ndiyo inayosema ni cha nani. Basi aliwauliza nambari. Aliambiwa uchunguzi unaendelea. Alirudi wiki iliyofuata na ile iliyofuata. Mwishowe akaambiwa faili iko ofisi nyingine.

Sikuwahi kulifikiria swali lake vizuri mpaka nilipokaa na zile picha 42. Mteja wangu hangeweza kuiuza bastola ya kijana yule hata kwa dola 10. Hakuna nambari, hakuna picha, hakuna karatasi ya aliyeichukua wala tarehe, hakuna anayejua ilitoka mkono gani kwenda upi. Wakusanyaji wangeicheka. Wanadai magazini ya pili, wanadai nambari zilingane, wanapanua tai mmoja kwa lenzi kuona kama manyoya yake ni ya kweli, na wakiona karatasi haipo wanasema wazi kwamba hadithi ya babu haina thamani. Hawa ni watu wanaonunua kitu cha kuweka kwenye kabati la kioo.

Novemba ya mwaka huohuo wa 2016 serikali ilichoma silaha kule Ngong. Silaha 5,250, zilizotwaliwa kutoka kwa watu waliokuwa nazo kinyume cha sheria, zikarundikwa, zikamwagiwa mafuta, zikawashwa moto mbele ya kamera. Tuliitazama habari hiyo sebuleni kwetu. Mama yake kijana alikuwa amekuja kukopa kitu, sukari nadhani, na mama yangu alinyoosha mkono azime runinga. Yule mama akasema, "Wacha tu." Kamera ilikuwa inapita juu ya rundo, chuma juu ya chuma, nyingi zikiwa zile ndefu, moto unapanda. Aliegemea mbele. Ilinichukua muda kugundua alikuwa akitafuta fupi.

Basi niliandika maelezo ya Walther. Mteja alikuwa ametuma mfano wa mtindo anaoupenda, wenye maneno kama "shahidi wa historia" na "ingekuwa na mdomo ingesema mengi." Nilimwandikia hivi, kwa Kiingereza, naiweka hapa kwa ufupi: Walther PP, Zella-Mehlis, milimita 7.65, nambari yenye P, alama ya majaribio ya tai na N, kwa hivyo 1940 au baadaye. Chapa ya polisi ya tai na C, tunaiona kuwa halisi. Rangi ya kiwandani takriban asilimia 80, imeisha pale ala inapogusa. Mtutu safi, ambao unaonyesha matunzo tu. Magazini moja kati ya mbili. Ala haipo. Hakuna karatasi yoyote, na historia ya bastola hii kati ya kiwanda na leo haijulikani. Nikaongeza sentensi moja kuhusu kazi ambazo polisi waliobeba chapa hiyo walizifanya huko Poland, kwa mwaka na idadi.

Sentensi hiyo aliikata. Nyingine zote aliziacha, na akasema wanunuzi wake wakubwa wanapenda maelezo makavu namna hiyo, yanawafanya wamwamini muuzaji. Alinilipa dola 6. Siku mbili baadaye akanitumia nyingine, bastola ya ukusanyaji iliyopakwa rangi upya vibaya, na nikamwambia hivyo.

Jioni moja nilimuuliza Sajini kama wao pia walikuwa na nambari. Alinitazama kama nimemuuliza kama walikuwa na viatu. Kila asubuhi, akasema, unaenda kwenye stoo ya silaha, unasaini kitabu, nambari ya silaha na idadi ya risasi. Ukirudi unahesabiwa. Ukipungukiwa na risasi moja lazima ueleze ilienda wapi, ulimpiga nani, kwa nini, saa ngapi, na kama huna maelezo hutoki hapo. "Siku zetu," akaongeza, na sikuweza kujua kama alikuwa anasifu au anajitetea.

"Yako unaikumbuka, Mzee? Nambari?"

Hakufikiria hata sekunde. Aliitamka tarakimu moja baada ya nyingine, polepole, macho yakiwa kwenye geti, miaka karibu thelathini baada ya kuisaini mara ya mwisho. Niliandika kwenye simu. Kisha akaniuliza nataka kuifanyia nini, nikasema pengine nitaiweka kwenye kitu ninachoandika, na akaniambia niifute mbele yake. Nikaifuta, yeye akiangalia kidole changu.

"Hiyo bado iko kwa kiuno ya mtu," alisema.